Maji yakishuka Kano, anzia hapa

Mto Nyando ukivunja kingo huku Ahero, kwa uwanda wa Kano kule Kisumu, kila mtu anakuambia jipe moyo, sawa, lakini moyo hauji kwa kuambiwa, huja ukiwa na kitu cha kufanya leo.

Usikimbilie kulala ndani ati juu maji yametoka. Nyumba ya udongo ikishaloa inaweza anguka hata siku kadhaa baadaye, zunguka nje kwanza ucheki nyufa na vile kona zimekaa. Vaa gambuti, nyoka hujificha chini ya mabati yaliyolala. Na kabla hujafagia tope piga picha, chifu akija kuandika majina utakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Choo kikifurika usiamini kisima, chemsha maji ama weka klorini vile chupa inasema na ungoje nusu saa. Kitambulisho kikienda na maji chukua abstrakti polisi, ile karatasi ya kuonyesha kimepotea, halafu uende Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, mapema, juu bila hicho hata pesa ya msaada ikija utahangaika.

Sasa mambo ya roho, na hapa ndio watu hunyamaza. Mwanzoni kukosa usingizi, kushtuka mvua ikigonga mabati, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kuanza tena, hiyo ni kawaida, tafadhali usimchape. Ikiendelea wiki baada ya wiki ambia CHP, yule mhudumu wa afya wa kijiji, akupeleke kliniki. Lakini ukianza kuwaza afadhali maji yangekubeba, usingoje hata siku moja, ambia mtu na upige 1199 ya Red Cross, ni bure. Wazee ndio hunitia wasiwasi sana, wanakaa chini ya mti wakiangalia shamba tu, mpe mzee jembe.

Maanake kuna ya kulima. Mahindi ngoja kwanza, anza na kunde na dek, ile mboga ya kienyeji wengine huita saga, majani unachuma baada ya wiki tatu nne hivi na mbegu ni bei ya chini. Chagua penye kumeinuka, shika udongo ufinye: ukinata kama ugali mbichi bado, ukivunjikavunjika panda.

Kama mko na chama cha kuchangiana pesa msiivunje. Pangeni mzunguko upya, aanze yule nyumba yake ilianguka, wengine wafuate vile mtakubaliana, na muandike kwa kitabu juu maneno huja baadaye.