Antivirusi ikigombana na kivinjari: usiizime kabla hujajua nani anayesema

Mteja yuko kwenye sekretariati ya mtaani, pale komini ya Kenya, Lubumbashi. Fleshi iko mkononi, anataka barua yake ifunguliwe kwenye Gmail na ichapishwe. Firefox inakataa kufungua ukurasa, na pembeni, chini kulia, antivirusi imetoa dirisha jekundu. Mkono wa wengi unakimbilia kuzima ulinzi wote. Ukurasa unafunguka, mteja analipa na kwenda zake, halafu kompyuta inashinda wazi mpaka jioni huku fleshi za watu zikiingia na kutoka. Hilo linauma, kwa sababu ugomvi wa namna hii karibu kila mara unaisha kwa kugusa sehemu moja ndogo tu.

Kwanza, sauti ni ya nani?

Onyo linaweza kutoka kwa kivinjari, kwa antivirusi, au kwa tovuti inayojifanya antivirusi. Onyo la kivinjari hujaza ukurasa na huwa na kodi (code ya kosa) ya herufi kubwa, kwa mfano NET::ERR_CERT_DATE_INVALID kwenye Chrome au SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwenye Firefox. Nakili kodi hiyo kabla ya kufanya lolote. Onyo la antivirusi hutaja faili na njia yake, na utalikuta pia ndani ya historia ya programu yenyewe. Usipolikuta humo, lishuku.

Ya tatu ndiyo inayotisha watu zaidi: skrini nzima imejaa, mlio unalia, namba ya simu inakuomba upige mara moja. Usipige. Shikilia kitufe cha Échap (Esc) kwa muda, kisha Alt+F4. Ikikataa, bonyeza Ctrl+Maj+Échap (Maj ni Shift), chagua kivinjari, maliza kazi yake. Ukikifungua tena, usikubali kirudishe kurasa za mwanzo. Kama vionyo vidogo vinaendelea kuruka pembeni kila dakika, kuna tovuti iliyopewa ruhusa ya kutuma arifa. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, ufute kila jina usilolijua. Hapo antivirusi haina kosa lolote.

Tazama saa

Kompyuta nyingi za mezani zina betri ndogo ya CR2032, ya volti 3, inayotunza tarehe umeme ukikatika. Ikichoka, kila umeme unapokwenda na kurudi mashine inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Kivinjari kinaona vyeti vya tovuti zote (hati zenye tarehe, zinazothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe) havijaanza kutumika, na antivirusi nayo inaweza kulalamika juu ya leseni au masasisho. Maonyo mawili, sababu moja. Rekebisha tarehe, badilisha betri.

Angalia na majira. Lubumbashi iko UTC+2, Kinshasa iko UTC+1. Aliyeweka Windows kwa majira ya Kinshasa kisha akasogeza saa kwa mkono ameifanya mashine itangulie saa moja kamili. Saa moja kwa kawaida haiangushi cheti cha tovuti, lakini zile kodi za kuingilia akaunti zinazobadilika kila sekunde 30, zikitengenezwa na kompyuta hiyo, zitakataliwa. Chagua "(UTC+02:00) Harare, Pretoria", halafu acha saa ijirekebishe kwa intaneti.

Antivirusi inapofungua bahasha

Tovuti ya HTTPS inatuma kurasa zake kama barua ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Antivirusi nyingi zinataka kusoma kilichomo, kwa hiyo zinakaa katikati: zinafungua bahasha, zinakagua, zinaifunga tena kwa muhuri wao. Muhuri huo ni cheti ambacho antivirusi ilikiweka ndani ya Windows siku ilipoingizwa. Chrome na Edge hukubali vyeti vilivyoongezwa kwenye Windows. Firefox ina ghala lake la vyeti, na muhuri usipokuwamo humo, kila tovuti inaonekana ya kughushi. Ndiyo maana dalili kubwa ni hii: tovuti ileile inafunguka kwenye Chrome, inakataa kwenye Firefox.

Thibitisha kwa macho yako. Kwenye ukurasa wa onyo bonyeza "Avancé", kisha kiungo cha kutazama cheti, na usome jina la aliyekitoa. Ukikuta "avast! Web/Mail Shield Root" au "ESET SSL Filter CA", na programu hiyo kweli umeiweka mwenyewe, basi ni ugomvi wa nyumbani. Ukikuta jina usilolijua, simama. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba laptopu kadhaa za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo, Superfish, iliyokuwa ikifungua bahasha namna hii hii, tena kwa ufunguo mmoja kwa mashine zote, kwa hiyo mhalifu akiupata mmoja amezipata zote. Laptopu iliyotumika, iliyotoka nje na Windows yake ya zamani, inastahili Windows mpya kabla ya kuandikiwa neno la siri lolote.

Kama ni wa nyumbani, fuata mpangilio huu, na uishie pale tatizo linapoisha.

1. Kwenye Firefox andika about:config, kubali onyo, tafuta security.enterprise_roots.enabled, uifanye iwe true, kisha funga na ufungue Firefox. Sasa inasoma vyeti vilivyoongezwa kwenye Windows. Tangu toleo la 68, la mwaka 2019, Firefox hujaribu kufanya hivi yenyewe. Toleo la zamani halifanyi, kwa hiyo sasisha.
2. Funga Firefox kabisa. Ndani ya antivirusi zima ukaguzi wa HTTPS, hifadhi, uuwashe tena. Mara nyingi hapo programu inaweka upya cheti chake.
3. Bado? Zima ukaguzi wa HTTPS peke yake. Ulinzi wa faili wa muda wote ubaki umewaka: faili mbaya itakamatwa inapotua kwenye diski.

Usibonyeze "Accepter le risque" kwa barua pepe wala kwa benki. Usiingize cheti ulichotumiwa kwa WhatsApp, hata na fundi unayemwamini.

Faili imekamatwa, nawe unaamini ni safi

Soma njia ya faili kwanza. Ikiwa na cache2\entries au folda ya Cache ya Chrome, ni mabaki ya ukurasa uliowahi kufunguliwa. Bonyeza Ctrl+Maj+Suppr, weka alama kwenye picha na faili za muda tu, futa. Maneno ya siri hayaguswi, ila kurasa zitakula mega zaidi mara ya kwanza.

Ikiwa ni programu uliyoipakua, usiitoe kwanza karantini, yaani mahali antivirusi inapofungia faili inazozishuku. Antivirusi hukisia kwa sura na tabia, na programu mpya au isiyo na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji huonekana ya ajabu. Ipakue kwenye kompyuta ya majaribio isiyo na kazi za wateja, usiifungue, halafu fungua cmd (dirisha la amri la Windows) na uandike:

certutil -hashfile jina.exe SHA256

Linganisha herufi 64 zitakazotoka, ambazo ni alama ya utambulisho ya faili, na zile zilizoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji, kisha zibandike kwenye kisanduku cha kutafuta cha VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivirusi nyingi. Hivyo huhitaji kupandisha faili, na mega zinapona. Hati za wateja usizipandishe kamwe, maana faili zinazotumwa huko hushirikiwa na makampuni mengine. Antivirusi mbili au tatu kati ya sabini hivi za huko zikilalamika kwa majina yenye "Gen" au "Heur", huenda ni kisio tu. Lakini kama faili ni kraki, yaani ya kuvunja kufuli la programu ya kulipia ili itumike bure, uchache wa malalamiko usikupe moyo.

Kuirudisha kwenye Windows: "Protection contre les virus et menaces", "Historique de protection", "Actions", "Restaurer". Ukiandika ruhusa, iwe ya faili hiyo moja. Folda nzima ya "Téléchargements" ikiruhusiwa, umeondoa mlinzi mahali hasa anapohitajika.

Antivirusi mbili

Ulinzi wa Windows hujiondoa kazini wenyewe ukiweka antivirusi nyingine. Shida ni mbili za nje pamoja, au ile ya majaribio iliyokwisha muda ikaacha mabaki. Ondoa moja kwa kifaa cha kuondolea cha watengenezaji wake, kisha anzisha kompyuta upya. Firefox ikiendelea kuanguka, about:third-party inaonyesha ni programu ya nani imejipenyeza ndani yake.

Jaribu kabla ya kuirudisha kazini

Pakua faili ya majaribio ya EICAR kutoka eicar.org. Ni herufi 68 tu, haidhuru chochote, na antivirusi zimekubaliana kuipigia kelele. Kama ulizima ukaguzi wa HTTPS, onyo litachelewa mpaka faili itue kwenye diski, na hilo ni sawa. Ikikaa kimya hata baada ya kuifungua, ulinzi wa faili haujarudi. Usichomeke fleshi ya mtu.