Somo: Kutenganisha makaa ya mawe na uchafu wake wa mwamba

Makaa ya mawe hutoka mgodini yakiwa na udongo wa mfinyanzi, vipande vya mwamba na pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yanayometameta kama dhahabu. Tunavitoa kwa tofauti ya densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo uleule. Maji yakiwa 1, makaa safi ni kama 1.3, mwamba hukaribia 2.5, pairaiti ni 5. Kwenye kimiminika cha 1.5, makaa yanaelea na mawe yanazama.

1. Ponda. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Lengo ni kuachanisha jiwe na makaa, basi. Ukisaga hadi unga, utahangaika nao hatua zote zinazofuata.

2. Chekecha. Vumbi la chini ya nusu milimita liweke kando.

3. Andaa kimiminika. Chumvi ya mezani haifai: hata ukiikoleza mpaka ikatae kuyeyuka, unaishia 1.2 na makaa yote yanazama. Maabara hutumia kloridi ya zinki. Inaunguza ngozi, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Viwandani huchanganya maji na unga wa magnetiti, madini ya chuma, ambao baadaye hurudishwa kwa sumaku.

4. Lowesha makaa kwanza, maana viputo vya hewa vikinata kwenye jiwe nalo litaelea. Mimina kidogo kidogo, koroga, acha yatulie, kisha opoa ya juu kwa chujio.

5. Suuza, kausha, kisha choma sampuli kwenye tanuri la nyuzi 815 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike. Linganisha majivu na ya makaa ambayo hayajaoshwa.

MASWALI

Mkuu, lile vumbi nitupe?
Usitupe. Tia mafuta kidogo na dawa ya povu, pitisha hewa. Makaa hayapendi maji, hivyo yatashika viputo na kupanda juu.

Salfa itaisha yote?
Hapana. Inapungua ile ya pairaiti. Iliyofungamana na makaa yenyewe haitoki kwa kuosha.

Maji machafu nimwage mtoni?
Hata kidogo. Pairaiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi. Yatuamishe bwawani, uyatumie tena.

Kuna vipande vinabaki katikati, havielei wala havizami.
Vipasue utazame: utaona mistari ya kijivu ndani ya weusi. Hivyo bado vimeshikana na jiwe. Viponde tena, virudishe hatua ya pili.