Hita mpya? Tazama birika lako kwanza

Kabla hujakwenda Darajani kununua hita ya maji ya kubadilisha ile iliyokufa, chungulia ndani ya birika la chai. Ule ukoko mweupe ni chokaa. Sisi wa Unguja tunaotumia visima maji yetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, na karibu na pwani yana chumvi pia. Hiyo ndiyo inayomaliza hita. Basi muulize muuzaji: tangi lina fimbo ya magnesiamu, na inabadilishika? Kutu huila fimbo kabla ya tangi. Ikague kila mwaka.

Lita 30 zinatosha watu wawili (kwa joto hili, nani anakaa saa nzima bafuni?). Hita za papo hapo, zinazochemsha maji yakipita bila tangi, huvuta hata kilowati 5.5, fundi atazame waya kwanza.