Kupima KataGo inapanda kiasi gani ukiiongezea hesabu maradufu

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili na kijana anayeandika mradi wake wa mwaka wa mwisho. Swali lake: KataGo, programu inayocheza Go (mchezo wa ubao wa mawe meusi na meupe), ukiipa hesabu maradufu kwa kila tone (jiwe moja linalowekwa ubaoni), uwezo wake unapanda kiasi gani? Aliponijia alikuwa na jibu tayari, kwamba ikivuka ziara 800 (kipimo cha hesabu, nitakieleza Hatua ya 3) KataGo haipandi tena. Nilimwamini nusu siku nzima.

Hatua ya 1. Sakinisha KataGo na GoGui, zana ya kushindanisha programu za Go. Huna kadi ya michoro? Chukua toleo la Eigen, linalotumia prosesa tu. Pakua mtandao wa neva mmoja tu na uutumie pande zote mbili, maana tunapima hesabu, si mafunzo.

Hatua ya 2. Chagua ubao. Wengi hukimbilia 9x9 kwa sababu michezo inaisha upesi. Tatizo ni kwamba pande zote zikiwa kali, komi (pointi anazopewa mweupe kwa kuanza wa pili) inaanza kuamua mchezo kuliko akili. Mimi natumia 13x13, komi 7.5. Ubao wa 19x19 bila kadi ya michoro ni kujitesa.

Hatua ya 3. Weka kikomo. Usiende haraka hapa.

Achana na sekunde. Laptop ikipata joto prosesa inapunguza kasi, ukifungua kivinjari inapungua tena, na matokeo ya usiku hayafanani na ya mchana. Hesabu kwa ziara, yaani mara ngapi programu imeshuka kwenye mti wake wa utafutaji.

KataGo ina maxVisits na maxPlayouts, na hivi ni vitu viwili. Mpinzani akishacheza, programu haitupi mti wote. Tawi la tone lililochezwa linabaki. maxVisits inahesabu na zile ziara zilizobaki, maxPlayouts inahesabu mpya peke yake. Ukiandika maxPlayouts=100, tone moja linaweza kuamuliwa kwa ziara 160 nawe huna habari. Tumia maxVisits.

Zima pia ponderingEnabled, la sivyo kila upande utafikiri kwenye zamu ya mwenzake huku ukimnyang'anya prosesa. Na numSearchThreads, idadi ya nyuzi (kazi za utafutaji zinazoenda sambamba), iwe 1. Nyuzi nyingi zinashuka kwenye mti kabla ya kujua wenzake wamekuta nini, na ziara zikiwa chache hasara hiyo inaonekana.

Sasa lililotula siku. Kikomo kinachofikiwa kwanza ndicho kinachosimamisha utafutaji, hata kama umeweka vitatu. Kwenye faili ya usanidi ya kijana kulikuwa na maxTime = 4.0, yaani kikomo cha sekunde 4 kwa tone, aliyoisahau tangu siku alipokuwa akicheza nayo mwenyewe. Ziara 400 ziliisha mapema. Ziara 800 zilifika kwa shida. Ziara 1600 hazikufika hata mara moja! Tulikuwa tunashindanisha 800 na 800 huku moja tukiiita 1600, tukapata nusu kwa nusu, na kijana akaanza kuandika aya nzima kuhusu "dari ya KataGo". Kilichonishtua ni safu za TIME_B na TIME_W, muda wa mweusi na wa mweupe, kwenye jedwali la matokeo: zilikaribia kulingana. Anayefikiri mara mbili atatumiaje muda uleule?

Basi futa maxTime, washa logSearchInfo, cheza mchezo mmoja, na usome idadi ya ziara kwenye logi kwa macho yako. Ndipo uanzishe michezo 400.

Hatua ya 4. Anzisha:

```
gogui-twogtp -black "katago gtp -model m.bin.gz -config a.cfg -override-config maxVisits=400" -white "katago gtp -model m.bin.gz -config a.cfg -override-config maxVisits=800" -size 13 -komi 7.5 -games 400 -alternate -auto -sgffile v400-v800
```

Kisha 800 kwa 1600, na kuendelea. Angalia safu ya DUP kwenye jedwali la matokeo, inayoonyesha marudio. Michezo inayojirudia usiihesabu.

Hatua ya 5. Geuza ushindi kuwa Elo, kipimo cha tofauti ya uwezo kati ya wachezaji: 400 × log10(p ÷ (1 − p)), p ikiwa sehemu ya michezo ambayo upande wenye ziara nyingi umeshinda. Asilimia 64 ni Elo 100, asilimia 75 ni 191. Kwa kulinganisha, mwaka 2016 kampuni ya DeepMind iliripoti kuwa programu yake ya Go, AlphaGo, toleo la mashine nyingi, yenye kadi za michoro 176, iliifunga ile ya mashine moja yenye 8 katika asilimia 77 ya michezo. Hiyo ni kama Elo 210 kwa kadi mara 22.

Usiniletee michezo 10. Saba kwa tatu haisemi kitu. Michezo 400 ikiwa karibu nusu kwa nusu bado inaacha shaka ya Elo 35 hivi kila upande, ndiyo maana sishuki chini ya hapo.

Umeme ukikatika katikati, usifute faili ya .dat yenye jedwali la matokeo. Rudisha amri ileile, twogtp itaendelea na mchezo unaofuata. Sisi tuko kwenye wa 212.