Poda ya terbi ya kunusia chuma majini: ninavyoitengeneza na ninavyoipima

Poda hii ina terbi, metali adimu inayowaka kijani chini ya taa ya urujuanimno (UV), na chuma kikiwemo majini mwanga huo hufifia. Kabla hujaagiza chumvi ya terbi, angalia taa uliyo nayo. Taa ya kukagulia noti bandia kwa kawaida hutoa mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, na poda hii karibu haiioni. Tafuta ya 254, na uvae miwani ya kinga, maana mionzi hiyo huunguza macho.

Poda yenyewe haina makuu. Yeyusha gramu 0.45 za nitrati ya terbi (ile yenye molekuli sita za maji) katika mililita 10 za maji safi ya maabara. Chombo cha pili, gramu 0.21 za asidi ya trimesiki na gramu 0.12 za hidroksidi ya sodiamu kwa mililita 20 za maji. Bila hidroksidi hiyo, asidi huyeyuka kwa shida. Changanya ukikoroga. Mashapo meupe yatakayojitenga ndiyo polima yako: ayoni za terbi (atomi zake zenye chaji) zilizofungwa na trimesati, yaani ile asidi ikiwa imepoteza tindikali yake, mnyororo kwa mnyororo. Chuja, suuza, kausha kwa nyuzi 60. Chini ya taa, gizani, itawaka kijani. Terbi peke yake hufyonza mwanga kidogo sana. Trimesati huudaka na kuipitishia nishati, kama antena ya redio juu ya bati.

Kupima: miligramu 1 ya poda kwa mililita ya maji, tikisa, tia kwenye kuveti ya kwatzi (kichupa cha kupimia kinachopitisha UV), kwenye mashine ya kupima mwanga imulike kwa nanomita 285, kisha soma mwanga wa kijani wa nanomita 545. Ongeza chuma(III), yaani ayoni za chuma zenye chaji tatu, kwa umbo la kloridi ya chuma, kidogo kidogo, uchore grafu ya mwanga dhidi ya chuma.

Hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi. Mwanga ukishuka tu, wanashangilia kwamba ni chuma. Ngojeni kwanza! Kloridi ya chuma ina tindikali, na tindikali huiyeyusha poda. Rudia kwa asidi ya hidrokloriki yenye pH ileile, bila chuma. Chuma chenyewe humeza mionzi ya 285 kabla haijaifikia poda, na maji ya kahawia yenye mboji hufanya vivyo hivyo. Fosfati nayo huinyang'anya polima terbi yake. Kwa hiyo pima kwanza ufyonzaji wa sampuli hapo 285, halafu ongeza chuma unachokijua kiasi chake ndani ya sampuli hiyohiyo.

Madoa ya chuma kwenye nguo huanza zaidi ya miligramu 0.3 kwa lita, kama maikromola 5. Grafu yako isipofika huko chini, chukua fenanthrolini, kemikali nyingine ya kupimia chuma, ila chuma(III) kigeuze kwanza kuwa chuma(II). Rangi yake ya chungwa unaiona bila mashine.