Kufunga taa za kuning'inia za staili ya miaka ya 50

Wengi wanakosea kwenye urefu. Taa wanaiacha juu kabisa karibu na dari afu wanashangaa mbona haina mvuto. Juu ya meza ya chakula shusha mpaka ibaki kama sm 75 hivi kutoka kwenye meza hadi chini ya taa, kaa kwenye kiti uangalie, ukiona balbu inakuchoma macho au inakuziba usimuone mwenzio upande wa pili basi rekebisha kabla hujakata waya, maana ukishaukata mfupi ndo basi tena.

Saizi: upana wa taa uwe kama nusu ya upana wa meza, ikizidi sana utadhani mwavuli.

Kuhusu muundo, mi napenda sana taa inayoitwa PH 5 ya mbunifu Poul Henningsen wa Denmark, ilitoka 1958, shedi zake zimepangana kwa namna ambayo balbu yenyewe huioni, unapata mwanga tu. Ukitaka kitu laini zaidi tafuta zile za mbunifu Mmarekani George Nelson zinazofanana na puto jeupe, hizo hata sebuleni zinakaa poa.

Balbu chukua ya 2700K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), ule mwanga wa njano njano, nyeupe kali inaua kila kitu.

Kufunga sasa: zima umeme kwenye meni swichi, sio swichi ya ukutani tu, pima waya kwa testa, na kama taa ni nzito ining'inie kwenye ndoano iliyoshika mbao au zege, sio kwenye jipsam. Huelewi waya? Ita fundi umeme.