Kununua gemu ya kushusha mtandaoni na kuweza kuirudisha baadae

Wengi wakishalipia gemu wanajua ni yao moja kwa moja, kumbe mara nyingi ulichonunua ni leseni, yani ruhusa tu ya kucheza, na tangu Oktoba 2024 Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta mtandaoni, wenyewe wanakuandikia hivyo pale pa kulipia. Kwa hiyo kabla hujabonyeza lipa jiulize, kompyuta hii ikifa kesho gemu naitoa wapi?

Kama gemu ipo GOG, duka jingine la mtandaoni, mi ningeanzia huko, wanauza bila DRM, yani bila kile kifungo kinachozuia gemu isichezwe bila ruhusa ya duka. Ukishanunua usiishie kuishusha kwa programu yao, ingia kwenye akaunti yako kwa brauza, fungua hiyo gemu, shusha mafaili ya setup yenyewe. Gemu kubwa huja vipande vipande, setup ya exe na mafaili kadhaa ya bin, yote yakae folda moja, likikosekana hata moja installi inagoma katikati. Peleka kwenye diski ya nje, ila angalia fomati, yani jinsi diski inavyopanga mafaili, FAT32 haibebi faili la kufika GB 4, weka exFAT. Alafu jaribu kwenye mashine nyingine ukiwa umezima intaneti, ikiwaka hapo ndo unayo kweli. Duka la itch.io nako gemu nyingi unashusha zip basi.

Steam ni habari nyingine, huko akaunti ndo kila kitu. Gemu hata ikiondolewa sokoni, kwa kawaida aliyeinunua bado anaiona kwenye laibrari yake na anaishusha tena, shida inakuja ukipoteza akaunti. Usijisajili kwa imeili ya kazini au ya chuo, siku ukiondoka imeili inaondoka nayo. Washa Steam Guard, ulinzi wa ziada wa kuingia kwenye akaunti, ile namba ya siri ya dharura iandike kwenye karatasi maana simu ikiibiwa utaitafuta sana, na risiti usizifute. Bakapu inayotengenezwa na Steam inakuokolea bando tu, ukiirudisha bado inataka Steam na akaunti ileile, watu wengi hawalijui hili.

Gemu inayodai mtandao muda wote hata uitunze vipi haikusaidii. Gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft seva zilizimwa 31 Machi 2024, hata wenye diski mkononi hawakuweza kuicheza tena. Soma ukurasa wa gemu vizuri kabla ya kulipa, na kwa Steam ukishalipa iwashe mapema uone kama inakubali kwenye mashine yako, pesa unarudishiwa ndani ya siku 14 kama hujazidisha saa 2 za kucheza.

Na sevu jamani, yale mafaili yanayotunza ulipofikia kwenye gemu! Si kila gemu inatunza sevu kwenye Steam Cloud, hifadhi ya mtandaoni ya Steam, kwenye Windows nyingi zimejificha kwenye folda za AppData au Documents, zikopi nazo kabla hujapiga Windows upya.